Sura ya Sita: Mwenye Mashine

Ukitaka kujua Mwanza inasoma nini, nenda asubuhi kwa muuza magazeti, pale watu wanapomwagika kuelekea Soko Kuu na Makoroboi. Ametandika turubai chini, magazeti ameyapanga safu kwa safu kama samaki wa Mwaloni, na kila moja amelibana kwa jiwe ili upepo wa ziwani usilipeperushe. Mawe Mwanza hayajawahi kuadimika. Wamesimama watu saba, mmoja ananunua. Sita waliobaki wanasoma vichwa vya habari bure, wanabishana kidogo juu ya Simba na Yanga, kisha wanashika njia. Muuzaji hawafukuzi. Anajua kuwa msomaji wa bure wa leo huenda akawa mteja wa Jumamosi, na tena turubai lisilo na watu halimvuti mtu.

Sasa inama usome yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, ya jina la mchapishaji na sanduku lake la posta. Dar es Salaam. Chukua jingine. Dar es Salaam. Unaweza kupekua turubai zima mpaka muuzaji akakuuliza kama unanunua au unakagua, na jibu litakuwa lilelile karibu kila mahali. Sensa ya 2022 ilikuta wilaya mbili za jiji hili, Nyamagana na Ilemela, zina watu zaidi ya milioni 1. Wana viwanda vya samaki, wana bandari na reli tangu 1928, wana dhahabu upande wa pili wa maji. Asubuhi wanasoma habari zilizoandikwa kilomita zaidi ya 1,100 kutoka walipo.

Katika nchi nyingi mji wa ukubwa huu ungekuwa na gazeti lake, na nyuma ya gazeti ungekuta familia: babu aliyeanzisha, baba aliyepanua, watoto wanaogombana. Marekani ndiyo mama wa mtindo huo. Familia ya Ochs na Sulzberger imeshika New York Times tangu 1896. Mwaka 1933 Eugene Meyer alilinunua Washington Post lilipopigwa mnada, akamwachia mkwewe, mkwe akamwachia mjane wake, na ukoo ukalishika kwa miaka 80 mpaka ulipoliuza 2013 kwa dola milioni 250. Hayo ni majina makubwa, lakini hata miji midogo ya huko ilikuwa na familia yake yenye duka la chapa na gazeti la kila wiki.

Swali la sura hii ni dogo: kwa nini pwani ya ziwa letu haikupata familia ya namna hiyo? Jibu langu nitalitoa mapema, msomaji asije akadhani ninamficha. Gazeti la familia huzaliwa na mashine ya kuchapa. Asiye na mashine anaweza kuwa na kalamu kali, na wasomaji, hata na chama nyuma yake, na bado akawa mpangaji tu katika nyumba ya mtu mwingine. Ziwani waliokuwa na mashine hawakuwa familia, na familia zilizokuwa na moyo wa gazeti hazikuwa na mashine.

Wa kwanza kuwa na mashine walikuwa watu wasiooa. Mapadre wa White Fathers walifika Bukumbi, kusini kidogo ya mji wa leo, mwaka 1883, kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Mwanza. Shule ilifuata kanisa, na kusoma kukafuata shule. Ndipo likaja Lumuli, gazeti la Kanisa Katoliki Mwanza, lenye jina la Kisukuma linalomaanisha mwanga. Ng'ambo ya ziwa Bukoba wakawa na Rumuli, neno lilelile katika ulimi wa Kihaya. Tabora, katika kiwanda cha chapa cha Kipalapala, kukatoka Kiongozi. Kanisa lina jambo moja ambalo kila tajiri mwenye gazeti angelitamani: halina ugomvi wa mirathi. Askofu akifa anakuja askofu mwingine, na mashine inabaki ilipokuwa. Gazeti halihitaji faida, linahitaji waumini. Ninaamini hii ndiyo sababu chapa za misheni zilidumu wakati magazeti ya watu binafsi yalikuwa yakiota na kunyauka. Lakini gazeti la aina hiyo lina mipaka yake. Haliwezi kumsema askofu, na kwa muda mrefu halikuwa na hamu ya kumsema bwana DC.

Mtu wa ziwani aliyekuwa na hamu hiyo ilimbidi ahame. Erica Fiah alizaliwa Uganda, akaja Tanganyika, akafungua duka Dar es Salaam. Mwaka 1934 aliwaunganisha Waafrika wafanyabiashara katika chama, na 1937 akaanzisha Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Tafakari jina hilo. Serikali ilikuwa na Mambo Leo tangu 1923, gazeti zuri la mashairi na mafunzo, lakini lilikuwa lao. Fiah akasema hili ni kwetu. Lilikuwa likitoka kila baada ya siku kama 18, ratiba isiyofanana na wiki wala mwezi, na mtu aliyewahi kutafuta pesa ya karatasi ataielewa ratiba hiyo bila kuelezwa. Mhariri alikuwa yeye, mwandishi yeye, mkusanya madeni yeye. Lilipita katika vita kuu na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha likazimika. Fiah alikuwa na hasira nzuri na kichwa kizuri, ila gazeti la mtu mmoja huumwa anapoumwa mwenyewe.

Aliyekaribia gazeti la ukoo hasa ni Mashado Ramadhani Plantan, na ukoo wake wenyewe ni sura nyingine. Baba yake, Affande Plantan, alikuwa mkuu wa askari wa Kizulu walioletwa na Wissmann, kamanda wa Kijerumani, kutoka Inhambane, Msumbiji, kuja kuwapigania Wajerumani pwani. Mtoto huyu wa askari mamluki akawa mmiliki na mhariri wa Zuhra, na nduguze Schneider na Thomas walikuwa ndani ya siasa za African Association mpaka shingoni. TANU ilipozaliwa Julai 1954 haikuwa na gazeti. Ilikuwa na Zuhra, kwa sababu Mashado alikuwa mtu wa nyumbani. Chama kizima kilijisitiri katika kijigazeti cha mtu mmoja wa Gerezani na Kariakoo, kwa undugu na ujirani tu, bila mkataba wowote.

Na hapa Mwanza inaingia tena. Kati ya 1954 na 1958 serikali iliizuia TANU kufanya kazi Usukumani. Matawi yalifungwa, mikutano ikakatazwa. Wakati huohuo wakulima wa pamba walikuwa wamejipanga chini ya Paul Bomani, na shirikisho lao la ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, lilikuwa likikua mpaka kuwa kubwa kuliko karibu yote Afrika. Watu wanaouza pamba wanataka kujua bei, na anayetaka kujua bei anataka kujua nani ameipanga. Kiu ya habari ilikuwepo, na pesa ilikuwepo pia, kuliko sehemu nyingi za Tanganyika. Pesa ile ilikwenda kununua viwanda vya kuchambua pamba. Sina ugomvi na uamuzi huo. Mkulima aliyepunjwa kwenye mizani miaka 30 ananunua mizani kwanza. Lakini ningependa mtu mmoja kati ya matajiri wa Mwanza wa miaka ile angetupia jicho mashine ya chapa.

Kumiliki gazeti siku zile kulikuwa kucheza na jela. Mwaka 1958 wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi, na mwaka huohuo Nyerere akatozwa faini ya shilingi 3,000 kwa aliyoyaandika katika Sauti ya TANU. Mtu mwenye familia anaangalia hayo, anaangalia watoto wake, anafungua duka la vitambaa.

Wapo waliofungua gazeti hata hivyo, na familia zao zikaingia nao. Nitakutoa ziwani kwa kurasa chache, kwa sababu visa viwili vya Nairobi vinaeleza Mwanza kuliko Mwanza inavyojieleza yenyewe.

Kisa cha kwanza ni cha Henry Muoria. Alikuwa gadi wa treni katika reli ya Kenya, akajifunza uandishi kwa posta, kwa masomo yaliyotumwa kutoka Uingereza. Mwaka 1945 akaacha kazi ya reli na kuanzisha Mumenyereri, gazeti la Kikikuyu. Hakuwa na mtaji wa kuajiri watu, alikuwa na nyumba. Mkewe Ruth Nuna alifanya kazi ofisini, na riziki ya watoto ikategemea nakala zilizouzwa. Gazeti likapanda kutoka mara moja kwa mwezi mpaka mara mbili kwa wiki. Oktoba 1952 Muoria alikuwa ziarani London hali ya hatari ilipotangazwa Kenya. Gazeti likapigwa marufuku, naye akashauriwa asirudi. Hakurudi kuishi Kenya tena. Ruth alimfuata baadaye. Na yule gadi wa treni aliyeacha reli ili awe mhariri akaenda kuomba kazi London Underground, akawa gadi wa treni mpaka anastaafu. Alifariki 1997. Sijui kisa kingine cha uandishi Afrika Mashariki kinachonibana kifua kama hiki: reli, miaka 7 ya gazeti, reli tena.

Kisa cha pili ni cha Girdhari Lal Vidyarthi, na hapa nataka tukae kidogo.

Alizaliwa Nairobi katika familia ya Kihindi, na jina lake, Vidyarthi, maana yake ni mwanafunzi. Mwaka 1933, mwaka uleule Meyer aliponunua Washington Post, alianzisha Colonial Times, gazeti la Kiingereza na Kigujarati lililowasema walowezi bila kuwaomba radhi. Halafu akafanya jambo ambalo wenye magazeti wa Kihindi wachache walilifanya: akatoa gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia, na 1952, katika mwaka mbaya kuliko yote, akatoa Jicho. Alishtakiwa kwa uchochezi na kufungwa katika miaka ya 1940. Muoria naye alipigwa kwa sababu ya maandishi yake, lakini tofauti ya wawili hawa inaonekana mtu anaporudi kazini. Muoria angerudi angekuta nini? Jina la gazeti lililofutwa. Vidyarthi alirudi akakuta mashine.

Ngoja nieleze mashine ni nini kwa kijana aliyezaliwa na simu mkononi. Katika duka la chapa la miaka ile kulikuwa na makasha ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba herufi yake ya risasi. Mpanga herufi anasimama mbele ya kasha, mkono wa kushoto ameshika kikalio cha chuma, wa kulia unaruka kama kuku anayedonoa. Anasoma mswada na kupanga herufi moja moja, kinyumenyume, maana kilichopinduliwa kwenye risasi ndicho kitakachosimama kwenye karatasi. Makasha yalitoka Uingereza, na idadi ya herufi ilipimwa kwa Kiingereza: e kibao, k za kuhesabu. Sasa leta Kiswahili. Neno moja tu, wakakamata, linameza a 5 na k 2. Ukifika katikati ya ukurasa wa pili a zimekwisha, na gazeti linasimama mpaka ukurasa wa kwanza uchapwe, ubomolewe, herufi zioshwe na kurudishwa kwenye kasha. Mhariri wa Kiswahili alikuwa na maadui wawili, polisi na upungufu wa a.

Jambo la pili kuhusu mashine ni kwamba haichagui. Asubuhi inachapa gazeti la uchochezi, mchana kadi za harusi, jioni vitabu vya risiti vya muuza mabati na daftari za shule. Gazeti linakula pesa, risiti zinaleta. Mwenye duka la chapa anaweza kulilisha gazeti lake kwa miaka bila kuuliza lini litajilipa, kama mkulima anavyomlisha ng'ombe asiyetoa maziwa kwa sababu ya samadi yake. Na mtoto wa nyumba hiyo anakua na wino kwenye kucha. Hata kama hana hamu ya siasa za baba yake, anajua kukata karatasi na kupiga hesabu ya kazi, na kwa hiyo ana la kurithi. Jicho lilizimika mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ulipokuwa mlangoni. Duka la chapa la Vidyarthi halikuzimika. Kwa jina la Colourprint familia iliendelea kuchapa Nairobi, miongo mingi baada ya magazeti yake yote kufa.

Ndiyo maana nasema mashine kwanza.

Upande wa Kenya watu wa ziwani wenyewe walilielewa hilo mapema. Achieng Oneko, mtu wa Uyoma, alianzisha gazeti la Ramogi, na Oginga Odinga, akiendesha Luo Thrift and Trading Corporation, akahakikisha kampuni hiyo ina kiwanda cha chapa. Wanahisa walikuwa Waluo wadogo wadogo: walimu, makarani, wenye maduka, vibarua wa reli waliotawanyika mpaka Uganda na Tanganyika. Haikuwa familia ya damu, ila ilijiita kwa jina la babu mmoja, Ramogi, na katika ukoo huo wa hisa kila mwenye kipande alikuwa mwana. Kama pwani ya Ziwa Victoria ina kitu cha kuonyesha kwa wale Sulzberger, ni hiki. Kisha ukaja mwaka 1952, Oneko akakamatwa pamoja na Kenyatta na kushtakiwa Kapenguria, na magazeti ya Waafrika yakafagiliwa.

Tanganyika baada ya uhuru ilikwenda njia nyingine. Gazeti kubwa la Kiingereza nchini, The Standard, lilikuwa na nasaba ndefu: lilianzia kwa Alibhai Mulla Jeevanjee, mkandarasi kutoka Karachi, aliyefungua African Standard Mombasa mwanzoni mwa karne na kuliuza 1905. Mtoto wake wa Dar es Salaam alizaliwa tarehe 1 Januari 1930 kwa jina la Tanganyika Standard. Februari 1970 Nyerere alilitaifisha kutoka kwa kampuni ya Lonrho, na 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Kwa hiyo hata Daily News, kwa mbali, ni mjukuu wa mfanyabiashara mmoja na pesa zake za mkataba wa reli. Baada ya hapo magazeti ya kila siku yalikuwa ya serikali na ya chama, Daily News na Uhuru, na mtu binafsi akabaki na duka la chapa bila gazeti. Mwanza walikuwepo wachapaji wa kadi na risiti. Wakati mashine ilipopatikana mikononi mwa familia, ruhusa ilikuwa imeondoka.

Ajabu ni kwamba gazeti lenye ukaribu mkubwa kuliko yote na watu wa ziwa lilizaliwa katika miaka hiyohiyo. Mwanza ilikuwa imechaguliwa tangu 1968 kuwa kitovu cha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima ulioungwa mkono na UNESCO. Watu walijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, cha samaki, cha ndizi, kulingana na wanacholima au kuvua. Lakini anayejifunza kusoma ukubwani akikosa cha kusoma, husahau. Ndipo mwaka 1974 likatoka Elimu Haina Mwisho, gazeti la mikoa ya ziwa, Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, likiandikwa kwa ajili ya mtu aliyehitimu kisomo jana. Kiswahili chepesi, mambo ya mbegu, choo bora, mifugo. Idadi ya wasiojua kusoma nchini ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1970 hadi 39 mwaka 1975, na vijijini gazeti lile lilipita mkono kwa mkono mpaka linachanika. Mwisho wa safari lilifungia maandazi na ugoro, kama magazeti yote ya heshima. Lilikuwa la serikali. Liliwajua wasomaji wake kuliko gazeti lolote la tajiri, na halikuweza kumtaja mwenyekiti wa kijiji aliyeuza mbolea ya bure. Na msaada ulipopungua, gazeti nalo likapungua, kwa kuwa hakuna aliyeamka usiku kulihangaikia kama mali yake.

Kuna kejeli nyingine hapa Mwanza. Nyegezi, umbali wa dakika chache kutoka mjini kwa daladala, kumekuwa na mafunzo ya uandishi wa habari tangu miaka ya 1960, katika chuo cha Kanisa kilichofunguliwa 1960 na kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Kwa nusu karne Mwanza imekuwa ikiwafundisha waandishi na kuwapakia kwenye treni. Waliobaki wakawa waandishi wa mkoani, watu wanaolipwa kwa habari iliyochapwa, si kwa habari iliyotumwa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na bandari ya Mwanza, na mamia ya watu wakafa, msiba ulikuwa wa hapa na gazeti lilikuwa la kule. Watu wa Kirumba na Igogo waliona maiti zikishushwa kwa macho yao, kisha wakangoja magazeti yafike ili wasome walichokiona. Barabara ya kati ilikuwa mbovu kiasi kwamba mabasi ya Dar es Salaam kuja Mwanza yalipitia Nairobi.

Soko huria lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, hatimaye Mwanza ilipata mfanyabiashara wake mwenye chombo cha habari. Anthony Diallo, baadaye mbunge wa Ilemela na waziri, aliijenga kampuni ya Sahara hapahapa Mwanza, na kutoka hapa zikasikika Radio Free Africa na kuonekana Star TV, nchi nzima. Angalia alichokichagua. Mtambo wa redio hauhitaji karatasi, wakala, wala marejesho ya nakala zilizochacha. Unavuka maji mpaka Ukerewe na Ukara bila kupanda kivuko. Kwa hesabu ya mwaka 1995 au 2000 alikuwa sahihi, na mwenye gazeti angekuwa amekosea. Asubuhi redio za nchi zikawasomea watu magazeti, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwaka 2017 waziri wa habari alipoagiza ziishie kwenye vichwa vya habari ili magazeti yauzike. Yule mtu wa saba kwenye turubai alikuwa ameshaacha kununua siku nyingi.

Na mtoto mwingine wa ziwa aliyetajirika kwa magazeti, Eric Shigongo, baadaye mbunge wa Buchosa, aliijenga Global Publishers Dar es Salaam. Uwazi, Ijumaa, Risasi, Amani, Championi: magazeti yaliyosomwa saluni na gereji kote Kanda ya Ziwa yalikuwa ya mtu wa Kanda ya Ziwa, yakitoka kwingine. Simlaumu. Matangazo yako Dar, mashine ziko Dar, wasajili wako serikalini. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, gazeti linahitaji leseni inayohuishwa, na mwandishi anahitaji kutambuliwa. Mzee mwenye duka la chapa Mlango Mmoja, anayetaka kutoa kurasa 8 kila Ijumaa juu ya bei ya dagaa, kesi za viwanja na matokeo ya ligi ya wilaya, atapita kwenye kaunta ileile anayopita mwenye gazeti la kila siku la taifa. Matangazo ya taasisi za umma, ambayo yangemuokoa, yanachelewa kulipwa. Wahariri wa nchi nzima wamelilalamikia deni hilo mwaka baada ya mwaka. Gazeti kubwa linastahimili deni la mwaka. Duka la chapa linafunga.

Kwa hiyo mashine zimebaki. Tembea Mwanza mjini uone: mabango, fulana za kampeni, kadi za michango ya harusi, vitabu vya risiti vya saccos, programu za mazishi zenye picha ya rangi. Familia zinazofanya kazi hii zipo, baba kwenye mashine, binti kwenye kompyuta, mpwa kwenye kukata karatasi. Kiufundi, yoyote kati ya hizo ingeweza kutoa gazeti wiki ijayo.

Kazi ya kuandika sura hii imenifundisha pia jinsi karatasi zilizobaki zilivyo chache. Kama kwenu, kwa bibi Magu au Sengerema, Bunda au Muleba, kuna sanduku la bati ambalo halijafunguliwa muda mrefu, lifungue. Huenda kuna Lumuli au Elimu Haina Mwisho lililotandikwa chini ya vitenge kuzuia kutu. Usilitupe, wala usilifungie karanga. Lipeleke Maktaba ya Mkoa, au Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, au Nyegezi wanakofundisha waandishi, na uwaambie jina la kijiji na la aliyekuwa akilisoma.